Binti wa Hereni Amefika Soko la Garissa: Hii Sanaa ya Pop ya Kurimiksi Picha za Kale Ni Gani?

Tisheti niliitoa kwa robota la mitumba pale soko la Garissa, soo na finje, na sikuomba hata kupunguziwa. Ni nyeusi, imefifia kidogo kwapani. Mbele kuna picha ya msichana amejifunga kilemba cha buluu na manjano, anakuangalia juu ya bega, na hereni moja inang'aa sikioni. Hadi hapo ni picha ya heshima. Noma ni mdomoni: amepuliza bigijii ya pinki, kubwa ka mpira wa tenisi.

Mama muuzaji aliishika kwa mikono miwili, akaisoma vile watu husoma barua ya serikali.

"Hooyo, huyu ni binti wa nani? Ni Msomali?"

Kama hujawahi fika huku, mama wa Kisomali anakuita hooyo, jina lilelile wewe ungemwita. Zoea tu.

Nikamwambia ni Mzungu, alichorwa kitambo sana. Hakuridhika. "Na mbona amefunga shaash ka mtu ameolewa?"

Manze sikuwa na jibu. Nilivaa hiyo tisheti wiki mzima nikiona aibu, kwa sababu nilikuwa nimebeba kifuani mtu nisiyemjua. Mimi chuo niliachia mwaka wa pili, so hakuna mwalimu atanikumbusha nisome. Nikaingia kazi mwenyewe. Hii hapa ndio rada yote nilipata, na kwa nini nadhani inatuhusu sisi wa Kaskazini Mashariki kuliko watu wa galari za Nairobi.

Kwanza, huyo dem ni nani?

Picha inaitwa Msichana mwenye Hereni ya Lulu. Aliichora Johannes Vermeer, msee wa mji wa Delft kule Uholanzi, karibu mwaka wa 1665. Jina la msichana halijulikani hadi leo. Hakuwa tajiri aliyelipa ili achorwe. Enzi hizo wachoraji wa Uholanzi walikuwa na mtindo wa kuchukua uso wa mtu yeyote, kumvalisha kitu cha kigeni, kisha kuuza hiyo sura.

Na hicho kitu cha kigeni kilikuwa kilemba. Vilemba vya Waturuki vilikuwa vinawapagawisha Wazungu wa wakati huo. Kwa hivyo yule mama wa soko hakukosea sana. Wazo la kufunga kichwa hivyo lilitoka upande huu wa dunia ndio likafika Delft. Hata ile buluu ya kilemba ilitengenezwa kwa kusaga jiwe la lapis lazuli, na hilo jiwe lilikuwa likichimbwa Afghanistan. Ilikuwa rangi ya bei kali sana.

Sasa sikia hii. Mwaka wa 1881 picha hiyo iliuzwa kwa mnada The Hague kwa gilda mbili na senti kidogo juu. Ilikuwa chafu na hakuna aliyeijali. Aliyeinunua akaiachia jumba la makumbusho la Mauritshuis, na hapo ndipo iko sai. Mwaka wa 2018 wataalamu walianza kuipiga picha kwa mashine maalum bila kuigusa. Wakapata kwamba zamani msichana alikuwa na kope, na nyuma yake hapakuwa giza tupu, palikuwa na pazia la kijani. Miaka ndio imefuta.

So yule alifika Garissa kwa robota la mitumba ni binti asiye na jina, aliyewahi kuuzwa kwa bei ya kutupa, na sai ni mmoja wa watu wanaojulikana zaidi duniani. Ukitoa bigijii, hiyo ni stori ya wasee wengi mtaani, ni vile tu wao bado hawajafika hapo mwisho.

Sanaa ya pop ilitoka dukani

Sanaa ya pop ilianza Uingereza na Marekani miaka ya 1950. Wasanii walichoka na michoro ya kueleweka na wachache, wakaanza kuchora vitu ambavyo kila mtu anaviona kila siku: chupa za soda, vibonzo, nyota wa sinema, matangazo. Jina kubwa hapo ni Andy Warhol. Kabla awe staa alikuwa anachora matangazo ya viatu kwa magazeti ya New York. Mwaka wa 1962 akaonyesha picha 32 za mikebe ya supu, kila moja na ladha yake. Watu walicheka. Yeye alisema supu ndiyo alikuwa anakula mchana.

Sasa toka nje uangalie mtaa. Kuanzia Mogadishu hadi Eastleigh hadi hapa kwetu, kuna maduka yamechorwa ukutani kwa mkono. Mkebe wa maziwa ya unga kwa duka la rejareja, jino kubwa nje ya kliniki ya meno, kichwa kilichonyolewa kwa kinyozi. Hiyo ni kazi ileile. Ujanja wa Warhol ulikuwa kuutoa mkebe dukani na kuuning'iniza mahali ambapo watu wamezoea kuona wafalme. Msee wa Garissa angefanya hivyo na mtungi wa nyirinyiri na angekuwa sawa kabisa.

Mwaka wa 1963 Mona Lisa ilisafirishwa kutoka Paris ikaonyeshwa Washington na New York. Watu zaidi ya milioni moja walipanga foleni kuiona. Warhol hakuichora upya kwa brashi. Alichukua picha yake ya kwa vitabu, akaichapa kwa skrini mara 30 kwa turubai moja, nyeusi na nyeupe, ka shiti ya stika. Jina aliloipa linamaanisha kwamba thelathini ni afadhali kuliko moja. Alikuwa anawacheka wote waliopiga foleni, lakini pia alikuwa anasema ukweli. Wengi wetu hatujawahi kuiona Mona Lisa yenyewe, tumeona nakala tu. Mwaka wa 1984 akarudi tena, akachukua uso wa Venus wa Botticelli, akaukata karibu, akauchapa kwa rangi za kuwaka.

Na si yeye wa kwanza. Mwaka wa 1919 Marcel Duchamp alinunua postikadi ya Mona Lisa, akamchora masharubu na ndevu kwa penseli. Kitu ambacho kila mtoto wa shule ashafanyia picha za kitabu cha historia.

Kwa nini inashika

Hii ndio siri ya hiyo kazi yote: rimiksi haifanyi kazi kama watu hawajui wimbo wa kwanza. DJ akichanganya ngoma usiyoijua, kwako ni ngoma mpya tu. Akichukua ile ulicheza harusi ya dada yako, mwili unashtuka kabla ya kichwa.

Mona Lisa yenyewe haikuwa maarufu hivi kila siku. Mwaka wa 1911 fundi mmoja Muitaliano, Vincenzo Peruggia, aliiba hiyo picha kutoka Louvre. Magazeti ya dunia nzima yakachapisha sura yake. Watu walienda Louvre kuangalia ukuta mtupu, nafasi ambapo ilikuwa. Iliporudishwa baada ya kupatikana Italia mwaka wa 1913, kila mtu alikuwa anaijua. Ni nakala za magazeti ndizo zilimfanya awe Mona Lisa tunayemjua.

Kwa hivyo msanii wa pop akishika picha ya kale, anakopa ujuzi ulio tayari kichwani mwako. Halafu anabadilisha kitu kimoja. Macho yako yanaenda moja kwa moja kwa hicho kitu kimoja, na hapo ndipo ujumbe uko.

Ndio maana ile tisheti haikumfanyia yule mama chochote. Hakuwa anamjua binti, so bigijii haikumchekesha. Aliona tu mtoto amefunga shaash na hana adabu.

Nani amekaa kwa kiti?

Kuna rimiksi za kuchekesha tu, ka hiyo ya bigijii. Halafu kuna zile zinauliza swali gumu: kwa miaka mingi hivi, mbona sisi hatukuwa kwa fremu?

Kehinde Wiley, Mmarekani ambaye baba yake ni Mnigeria, alichukua mchoro wa Jacques-Louis David wa Napoleon akivuka milima ya Alps na farasi. Mwaka wa 2005 akauchora upya. Farasi ni yuleyule, joho linapepea vilevile, lakini aliyepanda ni kijana mweusi wa mtaani na suruali ya kijeshi, buti za Timberland na kitambaa kichwani. Wiley huyohuyo ndiye alichora picha rasmi ya Obama iliyofunuliwa Februari 2018. Kwa majani nyuma ya Obama kuna maua ya buluu ya Afrika, na hayo yaliwekwa kwa sababu ya Kenya, kwao babake.

Wa karibu na sisi zaidi ni Awol Erizku. Alizaliwa Ethiopia mwaka wa 1988, akalelewa Bronx, New York. Mwaka wa 2009, akiwa kijana tu, alipiga picha ya mrembo mweusi amefunga kitambaa kichwani, anaangalia juu ya bega, mkao uleule wa binti wa Vermeer. Hereni ya lulu akaitoa. Akamvalisha hereni kubwa za mianzi, zile wasichana wa mitaa ya hip hop walivaa, na picha akaiita Msichana mwenye Hereni ya Mianzi. Kitu kimoja tu kimebadilishwa, na mwenye uso. Lakini ukiiona unajiuliza ni makumbusho ngapi umewahi kuona mtu ka huyo ukutani. Miaka nane baadaye, Erizku ndiye alipiga ile picha ya Beyoncé mjamzito amepiga magoti kati ya maua, na shela kichwani ka michoro ya kale ya Bikira Maria. Instagramu ilizimia.

Na usidhani haya mambo yalianza huko nje. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kule Kilimanjaro na mwanafunzi wa Makerere, alichora kuta za kanisa Murang'a, kanisa la kukumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ni matukio yaleyale Wazungu wamechora karne kwa karne: kuzaliwa kwa Yesu, karamu ya mwisho, kusulubiwa. Ni vile tu Yesu wa Njau ni Mwafrika, na nyuma yake ni vilima na mashamba ya Murang'a. Hiyo si chapa ya pop, ni ukuta wa kanisa. Lakini swali ni lile la Wiley na Erizku, na yeye aliliuliza kabla Kenya ipate uhuru.

Sasa njoo huku kwetu

Ukivuka daraja la Tana kutoka Garissa kwenda Nairobi, kuna wazee bado wanakuambia "naenda Kenya". Si utani kabisa. Picha za Kenya zilichapwa kitambo sana na sisi hatukuwa ndani, au tulikuwa lakini tumeshikwa na mkono wa mtu mwingine.

Serikali ya mkoloni ilimwagiza Joy Adamson achore jamii za Kenya na mavazi yao. Bwanake, George, alikuwa askari wa wanyamapori wa hii Northern Frontier. Michoro hiyo ikawa kitabu mwaka wa 1967, na mingine iko ukutani hadi leo kwa makumbusho ya Nairobi. Ni michoro mizuri, siwezi kuidharau. Lakini ni watu wamesimamishwa ili wawakilishe kabila, ka sampuli.

Baada ya hapo zikaja picha za habari. Andika jina la Garissa kwa tenje yako uone inaleta nini. Mzoga wa ng'ombe kwa mchanga uliopasuka. Hema za Dadaab, kambi iliyoanzishwa 1991. Foleni ya mitungi ya manjano. Na tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Haya yote yalitokea na hakuna anayesema yasionyeshwe. Shida ni kwamba hizo ndizo zimekuwa Mona Lisa yetu. Ndio picha pekee nchi nzima inajua ikisikia jina letu.

Ukielewa siri ya rimiksi, unaona hapo kuna nafasi. Picha iliyo tayari kichwani mwa kila mtu ni mtaji. Huhitaji kuanza na binti wa Delft. Unaweza kuanza na ile wanayo tayari, ubadilishe kitu kimoja.

Na kama unataka ya kale, ya kale tunayo. Kati ya Hargeisa na Berbera kuna mapango ya Laas Geel, yenye michoro ya maelfu ya miaka. Watafiti wa Ufaransa waliitangazia dunia kuanzia mwaka wa 2002, lakini wafugaji wa hapo walikuwa wanaijua siku zote. Ni ng'ombe wenye pembe zilizojipinda na shingo zilizopambwa kwa mistari, nyekundu na nyeupe, na watu wadogo wamesimama mikono juu. Ukiiona unaweza kudhani imechapwa jana kwa skrini. Hiyo ni ya kale kuliko Mona Lisa kwa mbali, na ni watu wa ng'ombe walichora, ka watu wetu.

Lakini si huko ni kunakili tu?

Swali nzuri. Elimo Njau mwenyewe alikuwa mkali sana hapa. Alikuwa mmoja wa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka wa 1965, na kauli yake maarufu inawaonya wasanii wasinakili, kwa sababu kunakili kunamfanya Mungu alale. Yet ni msee huyohuyo alichora karamu ya mwisho, picha ambayo Leonardo na wengine wengi walikuwa wameichora kitambo. Alikuwa anajipinga? Sidhani. Anayenakili anataka uone kwamba yake ni sawa na ile ya kwanza. Anayerimiksi anataka uone pale ambapo haifanani.

Tumia hiyo kama kipimo. Funika kwa mkono kile ulichobadilisha. Kama picha haijapoteza kitu, basi ulinakili.

Halafu kuna sheria, na hapa ndipo wasee huchomeka. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda mchoro maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa kuisha. Vermeer alikufa 1675, mchukue tu. Da Vinci 1519, jichotee. Makumbusho makubwa ka Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan ya New York yameweka mtandaoni picha nyingi sana za kazi za kale, safi kabisa, unapakua bure. Lakini Jak Katarikawe, yule mchoraji wa Uganda aliyeishi Nairobi na ng'ombe wake wa ndoto, alikufa 2018. Kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2068. Na msanii aliye hai, kama Dennis Muraguri anayechapa matatu za Nairobi kwa mbao zilizochongwa, mpigie umuulize. Usimuibie msee anayetafuta ka wewe.

Hata Warhol ilimshika, na alikuwa ashakufa. Mwaka wa 1981 Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Miaka mitatu baadaye Warhol akaigeuza kuwa chapa za rangi. Mwaka wa 2016 shirika linalosimamia kazi za Warhol likaruhusu moja itumike kwa jalada la jarida kwa zaidi ya dola 10,000, na Goldsmith hakupata kitu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 2023 majaji saba kwa wawili wakampa Goldsmith ushindi kuhusu hiyo leseni. Kama picha ya kwanza na rimiksi yako zinauzwa kwa kazi ileile, usidhani rangi mpya zitakuokoa.

Vile tulijaribu

Binamu yangu anachapa tisheti: za timu za mtaa, za harusi, na za wanasiasa msimu ukifika. Nikamshow ile ya bigijii. Nikamwambia, wacha tutoe bigijii, na hereni tuitoe pia, sikioni tumtundike mtungi wa manjano mdogo. Ule wa maji. Ule uko kwa kila picha ya ukame.

Skrini inafanya kazi hivi. Unachukua fremu ya mbao na kitambaa cha wavu mwembamba kimevutwa kikakaza. Unakipaka dawa inayogeuka ngumu ikipigwa na mwanga, unakikausha gizani. Kisha unaweka juu yake karatasi ya plastiki yenye picha nyeusi, unakipeleka kwa mwanga. Palipo wazi dawa inakauka ngumu. Chini ya weusi inabaki laini, unaiosha kwa maji inatoka. Sasa una wavu wenye matundu ya umbo la picha yako. Unaulaza juu ya tisheti, unamwaga wino, unaukokota kwa mpira. Kila rangi na skrini yake. Sisi tulitaka tatu: nyeusi, buluu, manjano. Ngozi ya binti tulitumia rangi ya kahawia ya tisheti yenyewe, so ghafla akawa anafanana na mtu wa hapa.

Jua la Garissa ni taa ya bure, na ni adui pia. Skrini ya kwanza tuliiacha juani muda mrefu sana, dawa ikakauka yote, ikakataa kuoshwa. Ya pili ilitoka poa, lakini kufika saa nne asubuhi wino ulikuwa unakaukia kwa wavu kabla ufike kwa kitambaa. Kati ya tisheti ishirini, saba ziliharibika. Hiyo ilikuwa doh ya binamu, si yangu, na sura yake ilinionyesha hivyo. Tukahamisha kazi alfajiri baada ya swala, kabla joto kuamka. Hapo ikaenda. Manjano ilikaa kando kidogo ya mstari mweusi, lakini hata za Warhol nyingi ziko hivyo, na watu wanaziita mtindo.

Mipaka iko

Huku si kila mtu anataka sura ya mtu kwa nguo au ukutani. Kuna familia haziweki picha yoyote ya kiumbe hai sebuleni, na kuna wanaoona si tatizo. Wote ni majirani zako. Uliza kabla, na mambo matakatifu usiyafanyie mzaha hata kidogo. Mjomba wangu hakutaka tisheti, na sikubishana naye. Lakini aliuliza kama tunaweza kuchapa maandishi. Tunaweza. eL Seed, Mfaransa mwenye asili ya Tunisia, mwaka wa 2012 alichora maandishi ya Kiarabu kwa mnara wa msikiti wa Jara kule Gabès, juu mpaka chini, bila uso wa mtu. Mistari ya alindi, hina, mikeka, pembe za ng'ombe wa Laas Geel: kuna kazi ya miaka kumi hapo bila uso hata mmoja.

Na kabla uambie AI ikufanyie yote: mwaka wa 2023 Mauritshuis iliazima binti wake kwa maonyesho ya Amsterdam, ikaomba watu wa dunia nzima watume rimiksi zao zikae pale mahali pake. Maelfu walituma: wa mboga, wa nyuzi, wa vitu vya jikoni. Moja iliyochaguliwa kuonyeshwa ilikuwa imetengenezwa na AI, na wasanii wengi waliwaka. Mimi siwezi kukukataza. Lakini kompyuta haijui kwa nini mtungi ni wa manjano.

Siku niliyorudi sokoni

Nilimpelekea yule mama tisheti moja. Akaifungua vile alifungua ile ya kwanza, mikono miwili. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza Vermeer, lulu, Erizku, kila kitu.

Hakuuliza binti ni wa nani. Alicheka kwanza, akamwita mwenzake wa meza ya pili aje aone.

"Huyu hajawahi kuchota maji," akasema. "Mtungi unawekwa sikioni? Mtungi unawekwa kwa punda."

Mwenzake akakataa. Akasema wakati wao hakukuwa na punda, mtungi ulikuwa mgongoni, na huyu binti shingo yake ni nyembamba sana kwa hiyo kazi. Wakaanza kubishana umbali wa maji siku hizo, mwaka gani, upande gani wa mto, na mimi nikasahaulika hapo nimesimama.

Tumebadilisha ya pili. Mtungi sai ni mkubwa na uko mgongoni. Bei ni mia tano, na yule mama amekubali kuziweka kwa meza yake, lakini ameniambia za mitumba zitabaki mbele.